Nilimpunguzia Bibi Yangu Insulini Ili Arudie Kula Nyama

Makosa ni yangu. Nimeanza na hiyo kwa sababu nikianza mahali pengine nitazunguka, mimi najijua, nitawapeleka mpaka kwa babu yangu na ng'ombe wake wa pembe moja na tutasahau tulikuwa tunaenda wapi. Makosa ni yangu, na mke wa kijana wangu hana hatia yoyote. Ukisoma hiyo peke yake ufunge, imetosha.

Lakini kama uko na nafasi, keti kidogo nikuambie. Hapa nyumbani hakuna wa kuniketia tena.

Mimi ni mzee wa hapa Lurambi. Jina sitaweka. Shule niliacha darasa la tatu, nikienda kulinda ndege kwa mtama wa mjomba na sikurudi, kwa hivyo kuandika naandika polepole kama mtu anayepalilia na kijiko. Kazi yangu ni maneno. Kukiwa na matanga huku kwetu, watu wananiitanga nisimame niongee habari za marehemu, waliaji wapumzike, wacheke kidogo. Nimezika watu wengi na mdomo huu. Sasa naona nimemzika mtu ambaye bado anapumua.

Bibi yangu, mama ya watoto wangu, ana ugonjwa wa sukari, ile ya kudungwa sindano asubuhi na jioni kabla ya chakula. Macho yake yameingia ukungu, hawezi kuona mistari ya sindano. Mimi naona. Basi mimi ndiye nilikuwa navuta dawa na kumdunga tumboni. Friji hatuna, chupa tunazifunga vizuri kwa karatasi ya nailoni tunaziweka ndani ya chungu cha maji, zinakaa baridi. Wengine walituonyesha hivyo kliniki.

Sasa, huyu mama kuna wakati sukari ilimwangusha karibu aende. Alipopona akasema amemwekea Mungu nadhiri, hataweka nyama mdomoni tena mpaka kufa. Si ng'ombe, si samaki, si kuku. Kuku! Huku kwetu Kakamega! Mtu ambaye ingokho yake, huyo kuku wetu wa kienyeji, ilikuwa inafanya mgeni asahau kilichomleta!

Wewe kama si wa huku hutaelewa, wacha nikueleze. Mgeni asipochinjiwa kuku hajakaribishwa, amepita tu. Na kuku akiiva, ile imondo, firigisi, ni ya mwenye nyumba. Bibi ndiye anakuwekea kwa sahani yako, mbele ya watu, bila kusema neno. Miaka yote ya ndoa yetu bibi yangu alikuwa ananiwekea. Hata tukiwa tumegombana, hata akiwa haniongeleshi, imondo ilikuwa inafika. Ndiyo nilikuwa najua kwamba bado niko na boma.

Baada ya nadhiri akakataa hata kushika sufuria ya kuku. Alikuwa anapika mboga zake: kunde, mrenda, managu na maziwa kidogo, maharagwe, njugu. Ugali wa mtama, kipande kama ngumi yake. Avokado ikiwa imeanguka. Anakula polepole, anafurahia, anaimba. Hiyo kuimba ndiyo ilikuwa inaniudhi.

Siku moja ndugu yangu mdogo akatutembelea. Kuku akapikwa na mke wa kijana wangu, akaletwa, tukala. Bibi akakaa pembeni na bakuli yake ya mrenda. Ndugu yangu akamwangalia, akaniangalia, akasema, "Mzee, siku hizi unachunga. Sikujua umeuza bibi ukanunua mbuzi."

Watu wakacheka. Bibi mwenyewe alicheka, akalia "mee" kidogo, akaendelea kula. Ni mimi sikucheka. Niliona nimevuliwa nguo. Nikasema moyoni, huyu atarudia nyama, atake asitake.

Ningekuwa mtu wa maana ningeishia hapo, kununa tu kama wazee wengine. Lakini sindano ilikuwa mkononi mwangu.

Mara ya kwanza nitasema ilikuwa huruma, na ni kweli. Jioni hiyo alikuwa amekula majani matupu, ugali amegusa tu. Nikafikiria, dawa kali hivi kwa mtu asiye na nyama tumboni, si itamuua? Huku kwetu tunajuanga hivyo, dawa kali inataka chakula kizito. Nikavuta karibu nusu. Akaniuliza kama imefika kwa mstari wake. Nikamwambia imefika. Asubuhi akaamka mzima, hata akafagia.

Mara ya pili sijui ilikuwa nini.

Baada ya hapo haikuwa huruma tena. Ilikuwa ujeuri. Nilikuwa najua sukari itapanda. Nilitaka ipande! Nilitaka siku ya kliniki daktari amwangalie aseme, mama, haya majani yanakumaliza, rudia nyama. Nilitaka isemwe na mtu mwingine, mtu wa koti jeupe, kwa sababu maneno yangu alikuwa hasikii. Nilifanya mwili wa bibi yangu kuwa wakili wangu.

Siku ya kliniki tukaenda, mimi, yeye na mke wa kijana wangu. Huyu nitamwita Mama Sharon, si jina lake. Yeye ndiye alikuwa anampeleka mama yake mkwe kliniki na kuchukua dawa, kwa sababu anasoma vizuri na ana subira. Kijana wangu ni fundi wa mawe, anafanya kazi Nairobi.

Sukari ilikuwa juu. Sista, yaani nesi, msichana mdogo tu, akamwuliza bibi anakulanga nini. Bibi akataja yote, hata ukubwa wa ugali akaonyesha na ngumi. Sista akauliza nani anamdunga. Nikasema mimi. Akauliza kama ninafuata kipimo. Nikasema ninafuata, bila kuruka.

Kisha nikamsukuma. Nikamwambia, "Sista, si ni haya majani?"

Akasema, "Mzee, majani hayana makosa. Maharagwe na njugu zinamtosha badala ya nyama, ugali anapima vizuri kuliko watu wengi. Ni dawa ndiyo haitoshi mwili wake."

Na kweli ilikuwa haitoshi. Sista alisema kweli yote bila kujua, na mimi nilikuwa nimekaa pale naangalia viatu vyangu. Akaongeza kipimo. Mama Sharon akarudia kwa mdomo ili asisahau.

Tukarudi nyumbani. Mimi nikabaki na mstari wangu ule ule wa chini.

Kliniki iliyofuata, vile vile. Juu. Sista akakunja uso, akaongeza tena. Unaona vile shimo linachimbwa? Yeye anaongeza juu ya uongo, mimi nabaki chini, na katikati hapo kuna mtu.

Bibi akaanza kwisha. Maji anakunywa kama ng'ombe aliyetoka mnadani. Miguu inamwasha. Nguo zikawa za mtu mwingine. Na aliacha kuimba, Mungu anisamehe, nikaona afadhali. Jirani wakiuliza nilikuwa nawaambia, ni hizo mboga, mwambieni nyinyi. Wakamwambia. Akawaambia nadhiri ni nadhiri.

Hapa nataka kusema kitu ambacho kitanifanya nichukiwe. Kuna siku nilimwangalia amelala kwa mkeka mchana, mifupa ya bega imetoka, nikasema moyoni, bado kidogo tu, atakubali. Bado kidogo tu! Kama mtu anayengoja ndizi iive.

Kisha kukatokea kifo Lugari. Ni watu wetu waliohamia huko kwa mashamba ya wazungu wa zamani, binamu yangu, mkulima wa mahindi, mtu mcheshi sana, nikianza habari zake hatutamaliza. Wakanitumia neno niende niongee. Ni safari ya kulala huko.

Nani atamdunga mama? Ni Mama Sharon, hakuna mwingine.

Sasa wewe wa mbali ujue kitu kingine. Huku kwetu baba mkwe na mke wa kijana wake wanaheshimiana kwa umbali. Siingii jikoni kwake. Simsalimii kwa mkono. Akipita na mimi niko njiani, mmoja anapisha. Kukiwa na neno, nalipitisha kwa mama, au nasimama nje nakohoa, anatoka na leso, anaangalia chini, tunaongea maneno machache. Ni heshima nzuri. Mimi siilaumu. Lakini nilijificha ndani yake kama mwizi anavyojificha gizani.

Nikasimama nje ya jikoni nikakohoa. Akatoka. Nikamwambia naenda Lugari, yeye ndiye atamdunga mama.

Akauliza, "Sawa Baba. Ni kile kipimo sista aliongeza?"

Hapo ndipo ningemwokoa. Kila kitu kilikuwa hapo, kwa mlango wa jikoni, kuku wanadonoa miguuni, jua limetoka. Ningesema, hapana, mama, vuta nusu ya nusu, mimi nilikuwa nawadanganya. Ingeniaibisha mbele ya mtoto wa watu, basi. Aibu ingekufa.

Nikasema, "Eeh. Fanya vile sista alisema."

Nikajidanganya njiani kwamba siku moja ya dawa kamili ni tiba tu, itamfaidi. Nikaenda.

Mama Sharon akafanya vile sista alisema. Jioni akamdunga, akamlisha, akalala vizuri. Asubuhi akamdunga tena, akamwekea mrenda na ugali wake wa ngumi. Bibi akala mboga, ugali akauacha karibu wote, akasema tumbo halitaki, akaenda kuketi juani. Dawa ile ilikuwa imepimiwa mtu ambaye hakuwako. Mtu ambaye nilimtengeneza mimi kwa uongo, mwenye sukari isiyoshuka. Yeye halisi alikuwa mama mdogo wa mboga na maharagwe, amekonda, na dawa ikamshukia yote.

Mimi nilikuwa Lugari nimesimama mbele ya watu. Nilikuwa naeleza vile binamu yangu alifukuzwa na nyuki akiwa amevaa suti ya harusi. Walikuwa wanacheka mpaka mjane amejishika mbavu. Simu ikalia mfukoni, nikaiacha. Ikalia tena. Nikaitoa nikiwa bado natabasamu.

Mama Sharon alikuwa analia na kukimbia pamoja. Alisema mama ametoka jasho lote, nguo imelowa, alikuwa anaongea maneno hayaeleweki, sasa hajibu. Alisema amempaka sukari ndani ya mashavu na wako kwa boda wanaenda hospitali, yeye amemshikilia nyuma.

Watu walikuwa wanangoja nyuki wamalizane na bwana harusi. Niliketi chini kwa majani.

Bibi hakufa. Watu waliniambia nishukuru. Alikaa siku nyingi bila kuamka, na alipoamka hakurudi mzima. Anaongea, lakini maneno anayatafuta kama mtu aliyepoteza sindano kwa nyasi. Anashikwa mkono kwenda choo. Mimi ananiita kwa jina la kaka yake aliyekufa tukiwa vijana. Daktari alisema ubongo ulikosa sukari kwa muda mrefu, kile kilichoenda kimeenda.

Kijana wangu akaja kutoka Nairobi. Pale hospitali, daktari wa zamu aliuliza alidungwa kiasi gani. Mama Sharon akasema. Daktari akashangaa, akasema hicho ni kipimo kikubwa sana kwa mama mdogo hivi aliyekula mboga tu, alikuwa anaishije nacho kila siku?

Kijana wangu akageuka kwangu. "Baba, wewe ulikuwa unampa ngapi?"

Mama Sharon alikuwa amesimama karibu na ukuta, nguo yake ina madoa ya sukari na jasho la mama.

Nikasema, "Ile ile."

Maneno mawili. Mimi ambaye siwezi kusema jambo bila kuzunguka mlima, siku hiyo nilisema maneno mawili tu.

Kama mimi nilimpa ile ile na hakuanguka, na yeye alimpa siku moja akaanguka, basi yeye alizidisha. Hata mtoto angefanya hesabu hiyo. Wakaifanya. Ndugu yangu yule wa mbuzi ndiye aliisema kwanza, kisha wanawake wakaichukua, ikafika sokoni. Kwamba alikuwa amechoka kuosha mgonjwa. Kwamba alitaka jiko la mama mkwe. Wengine wakasema sumu kabisa. Kijana wangu akamrudisha kwao Bukura. Sharon, mtoto wao, akabaki na sisi.

Na mimi niliporudi nyumbani siku hiyo kutoka hospitali, kabla mtu hajafika, nilifungua kile chungu. Chupa za dawa zilikuwa zimejaa. Lazima zijae, nilikuwa namdunga nusu na kliniki inatoa kamili! Nikazibeba zote kwa kofia yangu nikazitupa chooni. Nilisikia zikianguka.

Kabla aondoke, Mama Sharon alikuja akasimama nje ya nyumba yangu akakohoa. Hiyo haijawahi kutokea, mimi ndiye hukohoa. Nikatoka. Aliangalia chini vile huangalia.

"Baba," alisema, "mimi ndiye nilikuwa naweka chupa kwa chungu. Zilikuwa haziishi. Nilifikiri unabania dawa isikose. Pale hospitali ndipo nimeelewa."

Nikajifanya nafukuza kuku mlangoni. Yeye akaendelea.

"Sikusema, kwa sababu mimi siwezi kumwita baba wa nyumba mwongo mbele ya watu. Nilifikiri utasema mwenyewe."

Akabeba mfuko wake akaenda. Nilikaa na maneno hayo mpaka yakanioza ndani. Msichana huyo alikuwa na kweli mkononi, akaifunga kwa leso yake kwa sababu ya heshima yangu. Heshima gani? Iko wapi, niionyeshwe?

Wazee wa ukoo wakaitwa kumaliza ndoa, na watu wa Bukura wakaja na msichana wao. Mimi ndiye nilitakiwa niongee kwa upande wetu, kama kawaida. Nilisimama. Nikasema yote, kutoka sindano ya kwanza. Nilisema nilipunguza, nilisema nilidanganya kliniki, nilisema huyu mtoto alifanya vile aliambiwa na mimi ndiye nilimwambia.

Nilitegemea wanipige. Ningefurahi wangenipiga.

Mzee mmoja akasema kwa upole, tumpe mzee maji. Mwingine akasema huzuni imemwingia, anataka kubeba mzigo wa watoto. Nikawaambia sina huzuni, nina hatia! Wakatikisa vichwa. Miaka yote wamenisikia nikitengeneza hadithi kwa kila maiti, nikiweka nyuki mahali hapakuwa na nyuki. Wakafikiri naweka nyuki.

Kijana wangu akasimama. "Baba, hospitalini ulisema ile ile. Ulidanganya pale, ama unadanganya hapa?"

Nikasema pale. Akauliza shahidi ni nani. Nikasema mwulize mke wako habari ya chupa. Akaulizwa, akasema ni kweli, zilikuwa nyingi. Zikatafutwa. Chungu kilikuwa na maji matupu.

Hapo ndipo likaja neno ambalo sikulifikiria. Ndugu yangu alinong'ona, lakini alinong'ona ili lisikike: tangu lini baba mkwe na mke wa kijana wanaweka hadithi moja? Wawili hawa wanaonanga wapi?

Baba yake Mama Sharon aliinuka akamshika binti yake mkono, wakaondoka bila kuaga. Nilikuwa nimeenda kumtoa kwa shimo, na nimemwongezea mchanga. Majirani wa huko Bukura sasa hawasemi tu kwamba aliua akili ya mama mkwe. Wanasema na lingine, lile ambalo siwezi kuandika.

Ndugu yangu unayesoma, kama unamdunga mtu wako, sikia mzee mjinga. Kipimo si chako. Kama unaona ni kikubwa, kama chakula amebadilisha, ameacha nyama, ameanza mboga, amekosa hamu, mwambie sista kwa mdomo wako kabla hujagusa hiyo sindano. Kama umeshapunguza kwa siri, mwambie leo kiasi unachompa kweli, aibu ikumalize wewe peke yako. Mboga hazikumwangusha bibi yangu. Na ukiona ametoka jasho, anatetemeka, anaongea ovyo, mpe sukari kwanza ikiwa anaweza kumeza, halafu kimbia hospitali. Huyo msichana alijaribu yote. Ndiye tu alijaribu.

Na ukiwa na kweli ya kusema, iseme ikiwa bado ina kazi. Yangu niliiweka mpaka ikaharibika, nikaitoa, ikawadhuru wale wale niliotaka kuwaokoa.

Mimi sitaki barua za kunipa moyo. Nataka tu mtu mmoja huko nje ajue kwamba yule mama wa Bukura alidunga kile alichoambiwa. Ukiwa umefika hapa na umeniamini, wewe ni wa kwanza.